Kabureta Mbili za Mervyn

Fundi wa magari wa mji wa Wangaratta, Australia, hufuta mikono mara tatu kabla ya kugusa gari la mtu, kisha huweka kiganja kizima juu ya injini, kama anayempima mtoto homa. Husema na injini zaidi kuliko na wenye magari. "Haya, mama, vuta pumzi," huiambia. Noelene alimpelekea gari la mumewe Mervyn, Holden ya silinda sita, kwa moyo mzito. Mervyn alikuwa ameng'oa kabureta moja ya zamani na kufunga mbili ili gari lipate nguvu, lakini kabla hajazilinganisha zivute hewa sawasawa akapatwa na kiharusi. Tangu hapo gari lilitetemeka na kuzimika, naye Mervyn hakutamka neno likaeleweka. Majirani walimshauri Noelene aliuze.

Fundi aliwasha injini, akasogeza ncha ya bomba jembamba la mpira kwenye mdomo wa kila kabureta, ncha nyingine sikioni, akisikiliza inavyovuta hewa. Ghafla akaacha. Akakisukuma kiti cha magurudumu cha Mervyn, aliyekuja na mkewe, hadi kwenye injini, akamwekea mpira sikioni. "Kazi ni yako hii, bwana. Mimi nashika bisibisi tu. Nikaze robo mzunguko?"

Mervyn alifumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Nusu," akasema, wazi kabisa.

Fundi akakaza nusu. Injini ikaacha kutetemeka, ikanguruma kwa sauti moja.

"Shemeji, umemsikia?" fundi akamgeukia Noelene. "Kaniumbua mchana kweupe!"

Noelene alikuwa ameegemea mlango wa gari, akicheka na kulia kwa pamoja.