Maziwa ya Maam Kumba

Nilipokuwa mtoto pale Malvern, mji wa Ndar niliujua kuliko nilivyoijua Johannesburg yenyewe. Ndar ndiyo Saint-Louis ya Senegal, alikozaliwa baba yangu, na baba alikuwa fundi cherehani ambaye mdomo wake ulikwenda kasi kuliko mashine yake. Huku akipinda suruali za watu dukani kwake, Jules Street, alinisimulia kwa Kiwolofu habari za kisiwa kilichokaa katikati ya mto, daraja refu la chuma, na nyumba za ghorofa zenye roshani zilizojengwa enzi Wafaransa walipoufanya mji ule makao ya gavana wao. Alinisimulia wanawake machotara wa zamani waliomiliki dhahabu, majumba, na watumwa pia. Hilo la watumwa alilipitia harakaharaka. Mpaka leo, alisema, watu wa Ndar hutembeza taa kubwa za karatasi mitaani mwaka unapokwisha.

Na ndani ya mto, chini ya daraja, aliishi Maam Kumba. Maam kwa Kiwolofu ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa mji mzima, pepo wa maji mwenye nywele ndefu. Mtoto akizaliwa Ndar hupelekwa mtoni jua likiwa utosini. Mto hupewa maziwa mgando na uwele, kisha paji la uso la mtoto huloweshwa kwa maji yaleyale. "Hapo mto umeshakujua," baba alikuwa akisema. "Hautakuzamisha, na popote utakapokwenda utawajua watu wako." Mimi nilipelekwa huko kabla sijaota meno. Lakini mdogo wangu Badara alipozaliwa, karatasi za baba za kuishi hapa zilikuwa hazijakaa sawa, na akitoka nchini haikujulikana kama angeruhusiwa kurudi. Basi mama yake akaja yeye. Naye nilimwita Maam, kwa kuwa alikuwa bibi yangu.

Alishuka na uwele umefungwa kwenye kitambaa, na swali lake la kwanza, kabla hata ya kuvua viatu, lilikuwa mto uko wapi.

Mama yangu alikuwa mtu wa Tanga, na Tanga watu hawaumi maneno. "Mwambie mama," alimwambia baba, "sie Waislamu. Maziwa twayanywa, hatuwamwagii mapepo."

Baba alitafsiri, lakini tafsiri yake ilikuwa chujio: yaliyomfikia Maam ni kwamba mkwewe anaomba wasubiri kidogo. Maam alikuwa akiswali kuliko sisi sote, tasbihi haikumtoka mkononi, na hakuona ugomvi wowote kati ya hayo mawili. Wala mama hakuwa na la kujitapa. Badara alikuwa na wanja paji zima la uso kwa kuogopa jicho la watu, lakini hilo lilikuwa la Tanga, kwa hiyo halikuhesabiwa.

Wiki zikapita. Baba, bingwa wa kusimulia mto, kila akiombwa aende mtoni alikuwa na suruali ya mtu ya kumaliza. Maam akaanza kukosa usingizi. Nilimkuta amempakata Badara, akaniambia jambo ambalo wakati ule nililiona la kitoto: "Huyu asipojulishwa kwa maji, atakua akiwa mgeni kwetu. Atatupita njiani kama anavyopita ukuta."

Jumamosi moja, baba na mama wakiwa dukani, aliniomba nimwonyeshe wapi panauzwa maziwa mgando. Nikampeleka spaza, kiduka cha mtaani kwetu, nikamnunulia chupa ya amasi. Alionja tone kiganjani, akacheka mpaka kilemba kikalegea. Yalikuwa maziwa ya kwao kabisa. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa chupa ya plastiki. Akamfunga Badara mgongoni, akaniambia, "Sasa nionyeshe mto."

Mto niliokuwa nikiujua ni Jukskei, huko chini upande wa Bezuidenhout Valley, unaotokea chini ya mji na kupita kwenye mfereji wa saruji, na chupa na matairi na kila tulichokitupa. Nilidhani atakasirika. Alisimama akautazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa, akasema kwamba maji yote ni ya ukoo mmoja. Akavua viatu, akashuka ukingoni, akamimina amasi na kunyunyiza uwele, huku akiwataja watu wa ukoo wetu mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya kuimba. Kisha akamshusha Badara mgongoni, akainama achote maji.

Hakuyafikisha kwenye paji la uso la mtoto. Kulikuwa na wanawake wakifua mablanketi upande wa pili na vijana wakiosha magari, na wote walikuwa wamemwona ajuza mgeni akimwaga kitu cheupe majini na kitoto mikononi. "Uyathakatha lo gogo!" mmoja akapiga kelele: bibi huyu anaroga. Wakatuzunguka. Msichana akampokonya Badara. "Ingane kabani le?" wakawa wanauliza, mtoto huyu wa nani, na mimi nikajibu kwa Kizulu cha shuleni kwamba ni mdogo wangu na huyu ni bibi yetu, lakini hakuna aliyemsikiliza mtoto. Mtu akaipiga teke chupa ya amasi. Wakamsukumasukuma Maam hadi akachubuka, kilemba chake kikaanguka majini, akabaki na mvi zake nje mbele ya wanaume. Hakuelewa neno hata moja. Aliendelea kunyoosha vidole vyake vyenye maji kuelekea kwa Badara.

Kijana mmoja alitutambua kuwa watoto wa fundi, akampigia baba simu. Baba akaja na gari, mama pembeni yake. Nilipomwona baba nililia kwa raha, kwa sababu kwangu mambo yalikuwa yamekwisha: mwenye Ndar yake amefika, atawaeleza. Nusu ya watu wale walikuwa wamevaa nguo alizozishona au kuzipunguza yeye.

"Fundi," mwanamume mmoja akamuuliza, "gogo huyu ni wako?"

Baba alimtazama mama yake. Nakumbuka alimtazama vizuri, hakukwepesha macho.

"Eish, huyo simjui," akasema. "Labda ni wa wale wanaokaa Jeppestown. Mimi nimefuata watoto wangu tu."

Akampokea Badara, akanishika mkono kunivuta kwenye gari.

Maam hakujua Kizulu, lakini mama hahitaji mkalimani kuusoma uso wa mwanawe. Mkono wake ukashuka. Na hapo mama yangu, yuleyule aliyekuwa akinuna jikoni kwa ajili ya mapepo ya watu, aliwapita wote akipiga viwiko, akavua mtandio wake akamfunika Maam kichwa. "Mama yangu huyu!" akafoka kwa Kiswahili, kisha kwa Kizulu chake cha sokoni: "Umama wami lo! Atakayemgusa aanze na mie!" Mfupi kama alivyokuwa, walimpisha. Wanawake wengine hata waliona haya. Wakapanda kwa miguu mpaka Malvern, wameshikana mikono, kwa sababu Maam alikataa kuingia kwenye gari lile.

Nyumbani mama ndiye aliyemkanda majeraha. Usiku kucha Maam alikuwa akirudia neno moja, na mama akaniuliza anasemaje. Nikamwambia: anasema mtoto hakuguswa na maji. Mama akasema angejua ni jambo dogo vile angemshika mtoto yeye mwenyewe.

Haikupita wiki Maam akarudi kwao. Baba hakusimulia tena Ndar. Kiwolofu kilikufa nyumbani kama taa iliyozimwa, nami nikabaki nacho kwa kuwa nilikwishakipata. Badara hakupata hata salamu. Alikua na Kizulu na Kiingereza, Kiswahili cha mama akikisikia bila kukijibu, na Maam alipofariki nilipompa habari aliniuliza, bila ubaya wowote, "Bibi yupi?"

Nimejaribu sana kumtetea baba. Karatasi zake zilikuwa mashakani, duka lilikuwa dirisha moja, na miaka ile tulisikia wageni wenzetu wakichomewa maduka. Yote ni kweli, na hayanitoshi. Mama naye alikuwa mgeni, hakuwa hata na duka.

Mwaka jana, Badara alikuja kula kwa baba. Mama alikwishatangulia mbele ya haki. Siku hizo watu walikuwa wakiandamana kutaka wageni waondoke, na Badara akasema naye alikwenda, maana wageni wamezidi. Alisema huku akijipakulia wali. Baba akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikamsikia akisema Kiwolofu: "Mwambie mdogo wako sisi ni watu wa wapi."

"Mwambie wewe, baba," nikamjibu. "Anzia siku ile ya mtoni."

Badara akauliza kwa Kiingereza tunaongea nini. Baba akamwambia si kitu, akaomba chumvi.

Siamini kwamba kuna mwanamke mwenye nywele ndefu chini ya daraja lile. Ila nimeelewa Maam alikuwa akitafuta nini ukingoni: asimame mtu mmoja mbele za watu aseme, huyu ni wetu. Maziwa aliyapata, mtoto alimbeba, hata mto aliuvumilia. Aliyekosekana ni mwanawe, na mimi sijamsamehe.