Redio ya Shida Ndogo Ndogo

Mgongo wangu una umri mkubwa kuliko mimi. Mimi nina miaka arobaini na saba, mgongo umeshavuka themanini, na wa kulaumiwa ni mashudu. Mashudu ni yale makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa mafuta. Ng'ombe wanayapenda sana, lakini ukishayajaza kwenye gunia na kulishona mdomo, utadhani ng'ombe mwenyewe yumo humo ndani, amelala na hataki kuamshwa. Nimeshona na kubeba magunia hayo kwenye kiwanda kidogo hapa Utemini, Singida, kwa muda mrefu kiasi kwamba siku nikisimama wima, watu wananiuliza kama kuna jambo.

Kwa hiyo siku mwenye kiwanda alipotutangazia habari za simu ya Kiingereza, mimi sikusikia simu wala Kiingereza. Nilisikia kiti.

Ilikuwa hivi. Mzee wetu alikuwa amepata mnunuzi wa mashudu kutoka ng'ambo, mtu ambaye hakutaka kuandikiana. Alitaka kupiga simu kila wiki na kuongea na binadamu. Mzee Kiingereza chake kiliishia shule ya msingi ya enzi zile, na hakuona haya kulisema. Alitukusanya uani saa ya chai.

"Nataka mtu wa kukaa ofisini apokee simu ya huyu bwana," akasema. "Kukaa, na kazi ya magunia aiache. Nani anakijua Kiingereza?"

Mikono miwili ikanyooshwa. Mmoja ni wa dada karani wa stoo, binti aliyepita chuo, anayeandika mizigo inayoingia na kutoka. Wa pili ulikuwa wangu, maana mimi nina cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanapata wajukuu. Kiwanda kizima kilikijua cheti hicho. Ambao sikuwaambia mwenyewe waliambiwa na wale niliowaambia.

"Atapiga mwezi ujao," mzee akasema. "Atakayemsikia ndiye mwenye kiti."

Jioni ile nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Nikaichukua simu yangu ya kupangusa, nikatafuta Mzungu yeyote anayeongea, nikabonyeza. Aliongea dakika tano. Bwana we, niliambulia neno moja, nalo lilikuwa "na".

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho darasani hakuna aliyewahi kunidokeza. Kiingereza changu kilikuwa cha macho. Nilikipata ubaoni na vitabuni, kwa mwalimu mwenye lafudhi ya kwetu Iramba aliyekitamka taratibu kama mtu anayehesabu mayai ya jirani. Ukiniandikia nakujibu ukurasa mzima. Kiingereza cha masikio sikuwa nacho hata punje.

Nikaamua kuyafundisha masikio. Kazi ya kushona magunia inakutaka mikono na mgongo tu, kichwa hakina ajira, kwa hiyo nikachomeka hedifoni sikio moja na kuanza kutafuta redio za Kiingereza mtandaoni. Tatizo la kwanza lilikuwa mtandao. Chini ya bati la kiwanda haukuingia hata kwa kuombewa. Nikahamisha sindano yangu, kamba na magunia hadi getini, karibu na kichuguu cha makapi, ambako upepo wa Singida unakupuliza vumbi mpaka kwenye meno ya nyuma lakini redio inasikika.

Tatizo la pili zilikuwa redio zenyewe. Nilianza na taarifa ya habari kwa kuwa niliona ndiyo heshima. Wasomaji wa habari wa Kiingereza wana sauti ya kumbembeleza mtoto. Siku ya pili nililala nimekaa, sindano mkononi, nikaamshwa na dereva wa lori aliyedhani nimefariki. Nikahamia kwa mhubiri, lakini yeye alipaza sauti maneno yaleyale ambayo nimeyasikia kwa Kiswahili tangu utotoni, nikawa namwelewa bila kumsikiliza. Wachambuzi wa mpira waliongea kwa mbio kuliko wachezaji. Nikapata vijana watatu waliokuwa wakichekeshana wenyewe kwa wenyewe kila baada ya sekunde mbili, nami nikawa kama mgeni aliyefika harusini kesho yake. Wiki nzima iliisha hivyo. Jioni nilikuwa na uchovu wa aina mbili, wa mgongo na wa sikio, na ule wa sikio hauna dawa ya kuchua.

Kisha, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nikamwangukia mama mmoja.

Sijui alikuwa nchi gani. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyekunywa chai nyingi na kuona mengi, na kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu wenye shida ndogo ndogo. Vita hakuvigusa, wala uchaguzi. Mtu anapiga kusema bomba lake linavuja. Mwingine hajui amrudishieje shemeji yake zawadi mbaya. Yule mama anasikiliza, anaguna, anauliza swali, anacheka kwa mbali. Na kwa sababu wenye shida huongea taratibu, tena hurudia, siku ya tatu nilimwelewa mtu mzima mzima. Alikuwa baba mmoja analalamika kwamba jirani yake huingiza mkono juu ya ua na kuchuma matofaa yake. Mama akamuuliza, umeshamwambia? Akajibu hapana, hatujawahi kuongea. Mnaishi jirani muda gani? Miaka kumi na moja.

Nilisimamisha sindano. Nilikuwa nimeelewa, na ningependa zaidi kama nisingeelewa.

Basi ikawa ndiyo redio yangu. Ikawa pia redio ya mshonaji mwenzangu, mama mmoja wa Mgori, mnene, mwenye mdomo mkali, ambaye alihamishia magunia yake getini kwa kisingizio cha upepo.

"Haya msomi, leo wamesemaje?" ananiuliza.

"Leo kuna mama mbwa wake ana kisukari."

"Mbwa?"

"Mbwa. Anachomwa sindano asubuhi na jioni."

"Na mimi mume wangu kidonge cha kichwa tu namkimbiza nacho uwanja mzima." Akavuta kamba. "Huyo mama wa redioni kamwambiaje?"

"Kampa pole."

"Baada ya kumsalimia."

"Hawasalimiani, mama. Mtu akiunganishwa anaingia tu, kama moshi."

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeitunga ile redio. "Mtu ana mgonjwa ndani, anapiga simu, na hakuna anayemuuliza ameamkaje?"

"Hakuna."

"Basi mwambie huyo mama sindano amchome na mwenye mbwa."

Nilijaribu kumweleza kuwa ndivyo Kiingereza cha simu kilivyo, unakwenda moja kwa moja kwenye shida. Nilijisemea nami nitafanya hivyo siku yangu ikifika. Nilifanya hata mazoezi, naliambia gunia shida yangu bila kulijulia hali.

Wiki ya tatu nilikuwa nimechoka hadi kope. Kusikiliza lugha isiyo yako kutwa nzima ni sawa na kubeba maji kwa chekecheo, mwisho wa siku umelowa tu. Nyumbani tunaongea Kinyiramba, kazini Kiswahili, sikioni Kiingereza, na kichwa changu kikawa nyumba ya chumba kimoja yenye familia tatu. Mke wangu alisema nimeanza kuweweseka usingizini, na kinachomuudhi si kelele, ni kwamba haelewi namsema nani.

Simu ikaja siku ya Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimenawa mikono mara nne na bado ilinuka alizeti. Ofisini tulikuwa watatu: mzee wetu, dada karani na daftari lake, na mimi. Kwa kuwa nilikuwa mkubwa wake, dada akanipa nafasi ya kwanza. Nikakaa.

Naomba niseme kidogo kuhusu kile kiti. Kilikuwa na sponji na kilikuwa na egemeo. Uti wa mgongo wangu ulishuka pingili moja moja kama watu wanaoteremka kwenye basi lililotoka mbali, na kila pingili ilishukuru kivyake. Ningeweza kulia. Mzee akaweka simu mezani kwenye spika, na sauti ikatoka.

Ilikuwa sauti ya mzee. Mzee hasa, mwenye pumzi za kuvuta kwa kamba. Na mimi niliyejiandaa kuingia kama moshi, mdomo uligoma. Nililelewa na mama ambaye, ukimpita mtu mzima bila shikamoo, angekurudisha kutoka ulikofika, hata kama umefika shuleni. Nikaitafuta shikamoo ya Kiingereza kichwani, sikuiona, nikaamua kufidia kwa kuongeza hizo nyingine. Nikamuuliza ameamkaje. Nikamuuliza nyumbani. Nikamuuliza mama, watoto, mvua, na ng'ombe. Kila swali nilisubiri lijibiwe, maana salamu isiyosubiriwa ni matusi.

Mwanzoni upande wa pili ulikuwa kimya, nikadhani mtandao umekata. Kisha yule mzee akacheka, akakohoa, akaanza kujibu. Na nilimsikia, nakuambia, neno kwa neno. Nyumbani kuzuri, ila goti lake la kulia limeharibika. Mkewe amekwenda kukaa kwa dada yake. Mvua kwao imezidi. Ng'ombe hana, ana mbwa mmoja tu, naye ana kisukari. Nikamuuliza kama anachomwa sindano asubuhi na jioni. Akasema ndiyo, ulijuaje?

Mzee wetu alikuwa akitabasamu na kuangalia saa kwa pamoja.

Halafu mteja akabadilisha sauti, akaingia kwenye biashara. Ilikuwa kama mtu amenizimia taa. Yule mama wa redioni hakuwahi hata siku moja kupigiwa simu na mtu mwenye shida ya mashudu. Unyevu, tani, kontena, bandari, vipimo vya protini, yote yalinipita kichwani kama ndege wa ziwa Singidani. Nilisema ndiyo mara tatu na kwa bahati mbaya mara moja nikampa pole. Dada karani alikuwa ameinamia daftari, kalamu inakimbia. Akanivuta shati taratibu, nikampisha kwenye kiti, akamjibu yule bwana kwa sentensi fupi fupi safi hadi mwisho. Hakumuuliza hata kama amekunywa chai.

Simu ilipokatwa, mzee akanigeukia. "Umesikia nini?"

"Goti lake la kulia limeharibika. Mkewe yuko kwa dada yake."

"Na mzigo?"

"Mzigo sikuusikia, mzee."

"Dada?"

Dada karani akasoma: tani hizi, unyevu usizidi kiasi hiki, vifungashio vya namna hii. Ukurasa mzima.

Mzee akajikuna ndevu. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilinifika mgongoni kabla hajaitamka. "Kiti ni cha dada," akasema. "Ila yule mzee wa watu amecheka. Huwezi kumuuzia mtu mzigo hujamjulia hali. Kwa hiyo wewe utaanza, dada atamalizia."

Nilirudi getini. Mama wa Mgori alinitazama nilivyotembea, akasogeza gunia lililo jepesi kidogo upande wangu.

Basi ndiyo imekuwa kazi yangu kila Jumanne. Naitwa kutoka kwenye magunia, nanawa, napokea simu sikioni, kwa kuwa salamu za watu wazima hazina haja ya kusikiwa na ofisi nzima. Namuuliza goti, mbwa, mvua. Dakika kumi, kumi na tano akiwa na maneno. Kisha nampa dada, yeye anaweka spika, wanaanza tani zao. Narudi. Kati ya Jumanne na Jumanne siku zimekuwa ndefu na magunia yameongezeka uzito, labda kwa sababu sasa najua kiti kilivyo.

Jumanne iliyopita nilimuuliza goti kama kawaida. Akasema linapasuliwa, hatimaye. Kuanzia mwezi ujao anapumzika, mwanawe ndiye atakayepiga. Atamweleza dada rasmi wiki ijayo, lakini mimi aliona aniambie mapema, kwa kuwa mimi ndiye ninayeuliza. Nikamtakia heri. Nikamuuliza huyo kijana ni mtu wa namna gani. Akasema ni mchapakazi sana, hapendi maneno mengi.

Dada karani alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea simu. Mzee wetu akainua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Anasemaje leo?"

"Anawasalimia," nikasema, nikampa dada simu.