Agizo la serikali nililolitia chumvi kambini, na fundi aliyepakiwa kwenye lori

Wakuu, nawasalimu. Kama humu yupo aliyenizidi umri, shikamoo yake. Sidhani kama yupo.

Nimekuwa nikisoma mnavyobishana kuhusu serikali ifanye nini ili watu wasiingie kwenye misimamo mikali na kuanza kuwawinda wenzao kwa sababu ya kabila au dini. Wengi mnasema agizo litoke, wananchi waripoti, basi yaishe.

Nimeandika jibu mara kadhaa nikafuta. Nimelala nikaamka. Nimetoka nje nikarudi. Leo naandika mpaka mwisho, na sitaongeza kitu. Kuongeza nilikwisha kuongeza zamani, na ndiyo habari yenyewe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni mwanzoni. Kenya kulikuwa na vita vya msituni, wapiganaji wengi wakiwa Wakikuyu waliokula viapo vya siri, na huku Tanganyika Mwingereza alikuwa na wasiwasi kwamba viapo vya kule vitavuka mpaka. Wakikuyu walikuwepo wengi tu upande wetu, mafundi, madereva, wakulima. Serikali ikaamua kuwachunguza wote.

Mimi ni Mbondei. Nilikuwa nimetoka sekondari ya misheni, nikapata kazi ya ukarani na ukalimani kwa Bwana Shauri, yaani mzungu msaidizi wa mkuu wa wilaya. Kijana, suruali ndefu, Kiingereza kinatiririka. Mnaweza kuona tatizo linakotokea.

Tukapelekwa kwenye shamba moja la mkonge nje ya Muheza. Kambi kubwa. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengi walikuwa Wanyamwezi wakata mkonge. Wazigua, Wabondei na Wamakonde walikuwemo pia. Mkikuyu alikuwa mmoja, fundi Kamau, mtengeneza toroli za kubebea majani ya mkonge kwenda kiwandani. Alikuwa amesilimu na kuoa binti wa Kizigua, Mwanahawa.

Baraza likaitishwa baada ya kazi. Bwana Shauri alisema maneno machache, nayakumbuka vizuri: serikali inataka kujua nani katoka wapi, mtu akisikia habari za viapo vya siri amwambie nyapara, na asiguswe mtu.

Watu walikuwa wamechoka. Wengine wanasinzia, wengine wanapiga soga. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza.

Nikaona aibu, wakuu. Nikatafuta kitu cha kuwaamsha.

Nikawaambia serikali inasema Wakikuyu wanakunywa damu kwenye viapo vyao, na aliyekwisha kuapa huua majirani zake wakiwa wamelala. Nilikuwa nimeyasikia kwenye vijiwe vya mtaa wa Ngamiani, mjini. Bwana Shauri hakuyatamka. Waliosinzia wakaamka, macho yote kwangu. Nikasikia raha mpaka nikasahau lile neno la mwisho, asiguswe mtu.

Nasema nilisahau. Huenda niliona litapoza moto wangu. Sijui tena.

Bwana Shauri akarudi mjini, mimi nikaachwa shambani niendelee kuwahoji watu. Nikaona mambo yanabadilika mbele ya macho yangu. Mwanahawa alikuwa mzazi, kajifungua karibuni, mtoto wa kiume. Wanawake waliokuwa wakimletea uji wakaacha kuja. Kamau akifika bombani, watu wanachukua ndoo zao, hata zisizojaa.

Kisha toroli moja ikapinduka ikamvunja mguu kijana wa Kinyamwezi. Toroli hupinduka, ni kazi yake. Lakini hii ilikuwa imepita mikononi mwa Kamau.

Jioni ile ile, jua bado lipo, kundi la wakata mkonge likatoka na visu vyao kuelekea kwa fundi. Mbele yao Maganga, kaka wa aliyevunjika mguu. Nilisikia makelele nikafuata, nikasimama nyuma ya bomba. Hapo ndipo nilipofika, sikusogea zaidi.

Mlangoni kwa Kamau alikuwa amekaa mama yake Mwanahawa, Bi Zaina, aliyekuja kumuuguza mzazi. Alikaa nje kwa sababu kwao mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja, na Kamau alikuwa ndani.

Nieleze jambo moja kwa vijana. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana na hukasiriki, hukuchukulia kitu chako na hudai, na ukifa yeye ndiye wa kushughulikia kaburi lako. Bi Zaina alilijua hilo kuliko serikali yote.

"Pisha, mama," Maganga akasema.

"Nipishe niende wapi? Chumba kimoja, na mkwe wangu yumo. Unataka nikapakatane naye?"

"Tunamtaka fundi. Si wewe."

"Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani na pembe za ndovu za watu kichwani. Leo mmeshika visu. Kichwani kumebaki nini?"

Mmoja nyuma akaguna kama anayezuia kicheko.

"Bibi, leo hatuna utani," Maganga akasema.

"Ala! Utani nao unakwenda likizo? Mimi nikifa hapa, nani atachimba kaburi langu? Si wewe, na kelele zako za kudai kuku?"

"Huyo ndani ni Mkikuyu."

"Alikuwa Mkikuyu. Sasa ana mama mkwe wa Kizigua, adhabu hiyo haijamtosha? Kaoa kwetu, kazaa kwetu, mtani wenu huyo. Haya, chinjeni mtani, tuone mtarudi kwenu mkasimulie nini."

Yule wa nyuma akacheka waziwazi. Wakacheka wawili watatu. Maganga akasimama pale, kisu mkononi, hajui akiweke wapi. Mwisho akakaa chini.

"Basi tupe faini, mtani. Hatuwezi kuondoka mikono mitupu."

Bi Zaina akawapa kuku wa supu ya mzazi. Wakaondoka naye wakimtukana, naye akiwarudishia mpaka walipopotea. Kisha nikamuona akijaribu kufunga kanga yake, ikimponyoka kila mara.

Ningeweza kuishia hapa, mkanipa pole na hongera ya kuwa shahidi. Haikuishia hapo.

Baada ya siku chache Bwana Shauri akaja na lori na askari. Amri kutoka juu: Wakikuyu wa mashamba yote wakusanywe kwa uchunguzi. Kamau akatolewa, akaambiwa akae kimya. Mwanahawa yupo mlangoni na mtoto.

Bi Zaina akaja. Na Maganga akaja, na nusu ya kambi nyuma yake. Bwana Shauri akaniuliza wanataka nini.

Maganga akasema, "Karani, mwambie mzungu. Mimi nilikwenda kumuua mtu huyu kwa maneno mliyotuambia barazani. Mwambie nilikosea. Hakula kiapo chochote, ni mtani wetu, tunamdhamini kambi nzima."

Maneno mliyotuambia barazani. Nikitafsiri hayo, Bwana Shauri atauliza, maneno gani? Na kazi yangu imekwisha.

Nikasema kwa Kiingereza, "Wanasema wanamfahamu."

Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza. Akaashiria lori.

Kamau alipita karibu yangu. Sikujua kwamba alikuwa amefanya kazi karakana ya wazungu Nairobi, Kiingereza anakielewa. Akanitazama akasema taratibu, kwa Kiswahili:

"Umefupisha, karani."

Lori likaondoka. Mwanahawa alikuja ofisini mara nyingi kuulizia. Tuliambiwa Kamau amevushwa mpaka, zaidi ya hapo hakuna. Hakurudi. Bi Zaina, aliyekuwa akiniita mwanangu, hakuniita tena jina lolote hadi alipofariki.

Funzo langu ni hili. Serikali ina haki ya kuzuia umwagaji damu, na ile ilikuwa na hofu ya kweli. Lakini ukilinyooshea kidole kabila zima, unawapa wenye visu mahali pa kwenda. Pia agizo halifiki kwa wananchi lenyewe, linapita kinywani mwa mtu kama mimi, mwenye kutaka sifa na mwenye hofu. Mara ya kwanza niliongeza, mara ya pili nikapunguza. Waliomwokoa Kamau jioni ile ni watu waliokuwa na haki ya kusemana. Serikali iliwakuta pale wakiwa wamekwisha kumaliza shauri, ila mkalimani wake nilikuwa mimi.

Mtoto yule wa kiume yupo hai, mzee sasa, anauza machungwa Muheza. Huwa nanunua kwake. Ameambiwa baba yake alichukuliwa na serikali, na hiyo ni kweli nusu.

Nimeshafika kibandani kwake mara nyingi nikiwa nimejiandaa, nikarudi na machungwa tu. Wenye busara humu, semeni bila kunionea haya: mngekuwa yeye, mngetaka kujua?