Kiganja cha Kiongozi

Kiongozi wa safari yetu ya kuizunguka Unguja kwa baiskeli alituapia pale Ng'ambo kwamba hatutopumzika mpaka Nungwi. Mvua ikatukamata Mangapwani, tukajibanza barazani kwa Bi Mwanapili. Sote tuliketi, ila kiongozi chai alikunywa wima, boflo akala wima, na kila tulipomuuliza kama tuondoke alinyoosha kiganja nje. "Bado." Jua lilipotoka, alikikinga panapochuruzika bati. "Bado." Bati nalo likakauka. Bi Mwanapili akaanza kuanika kanga alizofua. Kiongozi akamfuata, miguu kaitanua, akakinga kiganja chini ya kanga inayodondoka maji. "Si nlikwambieni? Inanyesha." Bi Mwanapili akaingia ndani, akarudi na mto, akaufunga juu ya siti ya baiskeli ya kiongozi.