Kidonda cha Ashwathama na Sindano ya Bibi

Ukishuka kwenye lifti ghorofa ya kumi ya jengo letu pale Crescent Town, Toronto, pua ndiyo iliyokuonyesha njia. Kushoto palinuka vitunguu, kulia palinuka sabuni ya kufulia ya mtu nisiyemjua mpaka leo, na katikati, mbele ya mlango wa Bi Kanta, palinuka manjano yaliyokaangwa kwenye mafuta ya moto. Harufu hiyo iliingia kwenye koti langu la baridi ikakaa humo msimu mzima. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alinisogelea siku moja, akavuta pumzi, akaniuliza kwetu tunapika nini. Nilimjibu kwamba si kwetu, ni kwa jirani, ingawa siku hizo kwetu na kwa jirani palikuwa pamoja.

Bi Kanta alikuwa Mhindu mzaliwa wa Tanga, mjane, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Bibi yangu mzaa mama, Bi Mwajuma, naye alikuwa wa Tanga, fundi cherehani aliyewashonea watu kwa miaka na mikaka kabla mama hajamleta Toronto. Huko kwao hawakujuana. Walikutana ndani ya lifti, mmoja akamsikia mwenzake anaitukana baridi kwa Kiswahili, na tangu hapo hawakuachana. Kila nikitoka shule niliwakuta sebuleni kwetu, Bibi kwenye cherehani, Bi Kanta kwenye kochi na soksi zake mbilimbili, wanabishana nani alikuwa na duka kona ipi ya Barabara ya Kumi na Mbili. Mimi nilielewa kila neno na nikajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo lile. Wao waliendelea na mazungumzo yao kana kwamba aliyesema ni redio.

Baridi ya mwaka ule ilitufungia ndani, na Bi Kanta akaanza kunisimulia habari za watu wasiokufa. Katika dini yao, alisema, wako saba, na wote wangali wanatembea duniani. Alimtaja Parashurama mwenye shoka, na Vyasa mwenye hekima, na mfalme Bali ambaye hurudi mara moja kwa mwaka kuwasalimu watu wake kisha huenda zake. Bibi, aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba kila nafsi itaonja mauti, alisikiliza huku mguu ukikanyaga pedali, na kila mmoja alimtolea hukumu. Bali alimpenda. "Huyo ana adabu," alisema. "Anakuja, anasalimu, anaondoka. Si kama shemeji zangu." Lakini ilipofika zamu ya Hanumani, mungu wao mwenye umbo la nyani, Bibi alisema bila kuinua macho kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Bi Kanta aliweka kikombe chini, akavaa makubazi, akaondoka. Iligharimu siku kadhaa za kimya na blauzi mpya ya sari, iliyoshonwa kwa mkono pindo zote, mpaka akakubali kunywa chai yetu tena.

Wa mwisho alikuwa Ashwathama, naye ndiye aliyeniharibia usingizi. Huyu alizaliwa na kito kwenye paji la uso. Katika vita kubwa ya zamani aliwaua vijana wa watu wakiwa wamelala, na kwa dhambi hiyo alinyang'anywa kito, akaachiwa kidonda mahali pake, akalaaniwa aishi nacho kisipone. Mpaka leo, alisema Bi Kanta kwa sauti ya chini, hupita milangoni akiomba mafuta na manjano ya kupaka. Nilimtazama Bibi. Cherehani ilikuwa imesimama. "Maelfu ya miaka kidonda hakiponi?" aliuliza. "Bi Kanta, hiyo si laana. Huyo amekosa fundi."

Tungecheka, lakini nyumbani kwetu msimu ule hapakuwa na kicheko kirefu. Moyo wa Bibi ulikuwa na kasoro. Daktari alieleza kwamba mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, lazima apasuliwe ubadilishwe, na Bibi akajibu kwamba ameishi Tanga kwenye nyumba za milango isiyofunga na hajafa. Akakataa katakata. Mama aliyekuwa akihudumia wazee wa watu wengine mchana kutwa, akirudi alimbembeleza wa kwake, na asipofaulu aliingia jikoni akafungua bomba ili tusimsikie analia. Mimi nilimsikia. Nikamsikia pia akimwambia shangazi kwenye simu kwamba bila upasuaji Bibi huenda asiuone mwaka mwingine. Niliogopa kiasi kwamba nilishindwa kula. Ndipo nikapata wazo: ikiwa wako watu wasiokufa, na mmoja wao ana tabia ya kupita milangoni, kazi yangu ni kumngoja tu, nimuulize anafanyaje.

Nikaweka chambo. Kila nikitoka shule nilichukua kibakuli, nikatia mafuta ya kupikia na manjano, nikakiacha nje ya mlango wetu. Msimamizi wa jengo aliacha karatasi mbili za onyo juu ya madoa ya njano kwenye zulia la ukumbini. Mama alimlaumu Bi Kanta kimoyomoyo, Bi Kanta alimlaumu Bibi, na Bibi alilaumu nchi nzima. Nami niliendelea kujaza kibakuli.

Jumamosi moja mchana mlango ukagongwa. Nilifungua. Alisimama mwanamume mrefu, mweusi, amevaa koti kubwa, mkononi ameshika kibakuli changu, na kwenye paji la uso, katikati kabisa, amebandikwa plasta nyeupe yenye unyevu.

"Jambo, mwana," alisema. "Munisamehe. Naona munawekaka mafuta hapa inje. Munaweza kutupatia kidogo? Yetu imeisha."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimjibu mtu mzima kwa Kiswahili bila kulazimishwa. Nilimuuliza kama ni kweli yeye hafi. Yule bwana alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi? Vita ya kwetu ilinitafuta miaka mingi, mwana, haikuniona. Nadhani mimi sifi kweli!"

Nilimshika mkono nikamvuta ndani. "Bibi," nilipiga kelele, "amekuja! Muulize!" Bi Kanta aliona plasta, akaona mafuta, akaona manjano kwenye vidole vya yule bwana, akapanda juu ya kochi na soksi zake zote akitaja majina ya miungu. Na Bibi yangu, yule yule aliyewacheka wote saba, alikuwa ameshika sindano mbele yake kama upanga na anasoma Ayatul Kursi. Mgeni wa watu alibaki ameduwaa katikati ya zulia na kibakuli chake.

Maelezo yalichukua muda. Aliitwa Papa Dezire, alitoka Bukavu, yeye na mkewe walikuwa wamehamia karibu na ngazi, samaki walikuwa kwenye kikaango bila mafuta. Na hicho kichwani? "Nilitelezaka pale inje, ku barafu. Wakanishona ku lopitali."

Bibi alishusha sindano. "Walikushona? Hebu fungua nione."

Bwana mzima akapiga magoti mbele ya cherehani kama mtoto anayepimwa sare. Bibi alivaa miwani, akabandua plasta taratibu, akainamisha taa ya cherehani. Alitazama muda mrefu sana. Bi Kanta alishuka kwenye kochi akaja kutazama naye. "Ona," Bibi alimwambia. "Hatua za sindano zinalingana. Hakuvuta uzi, ngozi haikujikunja. Na mafundo yote kayalaza upande mmoja." Akamuuliza Papa Dezire kama alisikia maumivu. Hakusikia hata kidogo. Aliyeshona alikuwa mzee? Hapana, kijana tu. "Kijana," Bibi alirudia, kwa wivu wa fundi kabisa. Akampa chupa nzima ya mafuta.

Jioni mama aliporudi, Bibi alimwambia, huku akikata uzi kwa meno, apige simu hospitali. Mama alikaa chini na koti lake, akalia bila kufungua bomba. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami niliamini siku ile kwamba walikuwa wanatuzungumzia sisi. Kabla ya upasuaji Bibi alidai kuona mikono ya daktari, akanituma nimtafsirie kwamba asivute uzi. Daktari aliahidi kwa uso mkavu. Alipopona, Bibi alifungua vifungo vya blauzi yake ili Bi Kanta aukague mshono, na Bi Kanta akamwombea Ashwathama wake, popote alipo, apelekwe hospitali ile ile.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, hakuishi milele. Bi Kanta alitangulia kufa, kwa mwanawe huko Brampton, na Bibi akafuata nikiwa chuoni. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Niliuona ule mshono kifuani, mstari mwembamba ulionyooka, haukuachia popote. Nilifurahi kwa ajili yake, na nililia sana.

Siku hizi naishi Regent Park, jengo jipya, ukumbini hakunuki chochote. Mlango wetu una kamera, na anayegonga huambiwa kupitia simu aache kifurushi chini. Majirani zangu siwajui majina. Hata hivyo kibakuli bado ninacho, na binti yangu ananiuliza kwa Kiingereza kwa nini kina rangi ya njano isiyotoka. Akija yule mtu asiyekufa siku moja na kidonda chake nitamfungulia, nitampa mafuta, nitampa na manjano. Kisha itanibidi nimwambie kwamba amechelewa, fundi wake alikuwa hapa.