Chuma cha Chapa cha Mzee Hutchings

Verla Hutchings alikuwa mwanamke wa kumshuku hata paka wake mwenyewe. Ukimwambia leo kumepoa, atatoa mkono dirishani kwanza. Kwa hiyo Oktoba ile, jangwa la Nevada lilipopunguza ukali na makumbusho ya Sorrel Wells yakafanya siku yao ya mwaka, wenzake walikwenda kula pai ya malenge na kucheka picha za babu zao. Yeye alikwenda kukagua.

Alikuwa na sababu. Mwezi wa tatu alikuwa ameyapa makumbusho chuma cha chapa cha marehemu baba yake, kile cha moto alichopigia ndama alama ya ranchi yake miaka thelathini: mwezi mchanga umelala juu ya mstari. Hakikubaki kitu kingine cha kuonyesha kwamba Mzee Hutchings aliwahi kuishi bonde lile. Na aliyekipokea ni nani? Nyle Brekke, mtunza makumbusho, ambaye baba yake alipakana ranchi na baba Verla na hawakupeana mkono hata siku moja.

"Umekuja kula au kupeleleza?" Oleta, jirani aliyempa lifti, alimuuliza mlangoni, mdomo umeshajaa pai.

"Nitakula baadaye."

Akapita masururu ya wachimba fedha bila kugeuza shingo. Chuma kilikuwa ukutani, na chini yake kadi: CHAPA YA FAMILIA YA BREKKE.

"Nyle! Njoo hapa, mwizi wa marehemu wee!"

Nyle akaja na kahawa yake, mdogomdogo. "Kuna nini tena, Verla?"

"Hii kadi kaandika nani, mbwa wako?"

"Nimeandika mimi. Si unaona mwezi uko chini ya mstari? Hiyo chapa yetu."

"Umekitundika kichwa chini, mjanja mkubwa!"

"Haya, kitungue."

Oleta akaacha kutafuna.

Verla akakitungua. Pale bondeni kila aliyewahi kushika ndama anajua: mhunzi hukata pengo dogo kwa tupa kwenye mpini, upande wa juu, ili mpigaji aliyejaa moshi machoni alipapase kwa kidole gumba, ajue chapa imesimama sawa. Verla akaweka gumba kwenye pengo, akanyoosha mkono kana kwamba ndama yuko mbele yake.

Mwezi ukawa chini ya mstari.

Akakigeuza. Mwezi ukapanda juu, lakini pengo likaangukia kiganjani. Hapo akamwona baba yake waziwazi: yeye ana miaka tisa, amekalia shingo ya ndama, na baba amekishika chuma hivyohivyo, pengo likitazama ardhi, hali wanaume wengine wote walilielekeza mbinguni. Miaka yote hiyo alidhani ni mazoea yake tu, kama alivyovaa kofia upande. Mtu aliyemshuku kila kiumbe, huyo mmoja hakumshuku kabisa.

"Mimi sijasema kitu," Nyle alisema.

"Usiseme."

"Labda baba alimwazima."

"Baba yako? Aliyemfungia baba yangu maji ya kisima?" Verla akamkazia macho. "Unadanganya, Nyle. Tena hujui kudanganya."

Nyle akanywa kahawa. "Kitundike unavyotaka. Mwezi juu, mwezi chini, sitakigusa. Kadi nitabadilisha."

"Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, bibi wewe!"

Verla akasimama na chuma mkononi, kizito kuliko alivyokileta. Kisha akakirudisha ukutani, pengo juu, mwezi chini.

"Lete kalamu."

Chini ya jina la Brekke akaandika, kwa herufi kubwa zaidi: KILITUMIWA NA HUTCHINGS KWA KUGEUZWA, MIAKA THELATHINI.

"Sasa tule," Oleta alisema, akampa kipande cha pai.

Verla akakinusa. "Nani kaoka?"

"Mke wangu," Nyle alisema.

Verla akamsogezea sahani. "Anza wewe."