Dereva wa Pili

Bima ya gari la Deris ilikwisha muda tangu msiba wa mkewe, Rokiah, maana ndiye aliyekuwa akikumbuka kuikata upya. Mwishowe Deris akajikaza akaenda kwa wakala wao wa bima, Keong, pale mjini Muar.

“Mzee Deris, umepotea!” Keong akamlaki. “Punguzo lako la bima limekwenda na lile dai la fidia ya nguzo aliyoigonga mkeo akirudi nyuma. Mama bado anagombana na nguzo za majirani?”

Deris akatabasamu kidogo. Naye alikuwa akimtania mkewe hivyohivyo, mbele za watu.

“Dereva wa pili tumwandike yeye tena?”

“Mwandike,” Deris akajikuta akisema.

“Basi mwambie safari hii atazame nyuma!”

“Keong, mwanangu, tumeshamzika.”

Keong akaweka kalamu chini. “Nisamehe, mzee. Lakini jina itabidi nilifute.”

“Futa,” akasema Deris, machozi yakimtoka mbele ya wateja.

Alipofika nyumbani alifungua mlango wa abiria wa gari lake lililokuwa uani, akaketi mahali alipokaa yeye miaka yote Rokiah akiendesha. Kiti cha usukani kilikuwa kitupu.

“Ile nguzo ilijengwa vibaya, Rokiah,” akasema. “Kosa halikuwa lako.”